Huko Hakuna Kitu

Mama mkwe wangu alijifunza kuendesha gari akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mimi, mwalimu wa udereva, ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Hebu fikiria aibu hiyo. Kutwa nzima niko barabarani nafundisha watoto wa watu kubadilisha gia, wananiita Madam Breki kwa sababu hilo ndilo neno linalonitoka kinywani kuliko salamu, halafu narudi nyumbani nakuta mama mzima yuko mbele ya kompyuta anakata kona.

Wa kulaumiwa ni mume wangu. Yeye ni fundi kompyuta, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: nyaya, feni, vifuniko visivyo na mwenyewe. Katika makorokoro hayo kulikuwa na kompyuta moja ya enzi zile skrini zina kisogo, mteja aliileta itengenezwe akapotelea mbali. Ndani yake mlibaki gemu moja tu, ya mashindano ya magari. Fundi (hata mimi humwita hivyo, mtaa mzima unamwita hivyo) aliiwasha ili asikilize feni inavyozunguka, akaenda zake kunywa chai. Mama yake akavuta kiti, akaanza kubonyeza mishale ya kibodi.

Nilipomkuta mara ya kwanza nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani. Magari mengine yalikuwa yameshatimua vumbi zamani. Gari la Mama lilikuwa limebaki peke yake, limesimama kwenye taa nyekundu. Kwenye gemu ya mashindano, jamani!

"Mama," nikasema, "wenzako wameshafika."

"Waache wafike. Taa haijaniruhusu."

Basi nikacheka mpaka nikaegemea mlango. Yeye hakucheka. Taa ilipogeuka kijani aliondoka taratibu, akaupuuza mshale mkubwa uliokuwa unamwelekeza yanakopita mashindano, akaingia kichochoroni.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kizamani kweli. Majengo yalikuwa maboksi yaliyobandikwa picha za madirisha. Miti ilikuwa bapa, ukiizunguka na yenyewe inageuka kukutazama. Lakini aliyeitengeneza alifanya jambo moja la ajabu: hakufunga njia. Mji mzima aliuacha wazi. Ukitaka kushindana, shindana. Ukitaka kutoka kwenye mashindano ukazurure sokoni, nenda, hakuna atakayekuuliza. Na watu wa mji ule walikuwa na jambo lao: hawagongeki. Ukiwajia kwa kasi namna gani, wanaruka pembeni, wanajibandika ukutani, gari likipita wanaendelea na safari zao kama vile hakuna lililotokea.

Mama aliuchunguza mji ule kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Jioni tukikaa mezani alikuwa na habari zake.

"Leo nimepita nyuma ya ile hospitali yao. Haina mlango wa nyuma. Sasa wakipata dharura?"

"Mama, ni picha tu," Fundi anasema, mdomo umejaa.

"Na kamba za nguo sijaona hata moja. Watu wa kule wanafua wapi?"

Mwanzoni nilikuwa naitikia kwa heshima tu, ndiyo Mama, eti ee Mama. Halafu siku moja akaniita. Alikuwa amelifuata gari la mizigo la rangi ya manjano tangu alipomaliza kupiga pasi, anataka kujua linakwenda wapi. Nikakaa ukingoni mwa meza, nia yangu nitazame kidogo nikapike. Wapi! Gari lile lilipita darajani, likazunguka bustani, likasimama kwenye taa, likakunja, nasi nyuma yake. Nikajikuta nasema, "Usilikaribie sana, Mama, litashtuka." Mboga iliungua jikoni na sote wawili tuliisikia harufu, hakuna aliyeinuka. Kisha lile gari likakata kona nyuma ya jengo refu. Tukakata kona. Halikuwepo. Barabara nyeupe, tupu, haina hata njia ya kuchepukia.

"Fundi!" Mama akaita. "Gari limekwenda wapi?"

Mume wangu akaja na bisibisi yake, akaeleza. Kompyuta ile haina nguvu ya kubeba magari yote ya mji kwa pamoja. Inayabeba yale unayoyaona tu. Ukiyapa kisogo, inayafuta.

"Kwa hiyo hayana kwao?"

"Hayana, Mama. Yanazunguka tu."

 Ile mboga ya kuungua Mama aliila bila kuisikia ladha, na mimi mwenyewe, nisijifanye, niliingiwa na huzuni ya kijinga kwa ajili ya kigari kisicho na kwao.

Baada ya hapo akaanza kutafuta mwisho wa mji. Aliupata siku nipo. Barabara ilipanda kilima, nyasi huku na huku, mbele anga ya buluu, na gari likagonga hewa. Pu! Halikwenda mbele tena. Mama akaanza upya, akapanda tena kwa pembeni, ikawa hivyo hivyo. Ndipo akaanza kukagua kibodi, kitufe kimoja baada ya kingine.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Cha kushukia."

"Kushuka kwenye gari? Hakuna. Gemu hii hushuki."

Akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza. "Mtu anafika mwisho wa dunia, halafu hashuki akatazama?"

Hapo ndipo aliponisimulia, na mpaka leo nashukuru kwamba sikukimbilia jikoni. Marehemu mzee wake, baba mkwe wangu, alikuwa na gari dogo jeupe alilolipenda kama roho yake. Usukani haukuguswa na mtu. Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Fundi, wakati huo mtoto, nyuma. Kila walipotoka mjini walipita kiwanda cha matofali, na baada tu ya kiwanda kulikuwa na njia inayokunja kushoto, inapanda, inapotea kwenye miti. Kila mara Mama aliuliza, hii njia inakwenda wapi? Kila mara Mzee alijibu, "Huko hakuna kitu," na akakanyaga mafuta.

"Hakuwa mkali," Mama akasema. "Usidhani. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na safari zake. Lakini maisha yangu yote, mwanangu, nimepelekwa. Sijawahi kukunja kona kwa kutaka mwenyewe. Kumbe kukunja ni rahisi hivi." Akabonyeza mshale wa kushoto, gari la kwenye skrini likageuka.

Nikamwambia niko tayari kumpeleka siku yoyote, tena kesho. Akanitazama kwa upole wa mtu anayemtazama mtoto asiyeelewa.

"Nimeshasema sitaki kupelekwa."

Sasa, lile gari jeupe bado lilikuwa uani kwetu. Tangu Mzee afariki lilikuwa limekaa tu, kuku wa jirani wanatagia chini yake. Mume wangu hutembelea pikipiki yake na anasema gari lile linakunywa petroli kuliko linavyotembea. Alikuwa ameshapata mnunuzi, mwenye duka la vipuri, ambaye alitaka kulikata auze vya ndani. Mama aliposikia alisema jambo moja: lisikatwe, litamfaa yeye. Fundi akacheka. Akasema, na nilikuwepo, "Mama, ukipata leseni gari ni lako. Usipopata kabla jamaa hajaja kulichukua, naliuza." Alidhani ametania. Mama aliweka kijiko chini.

"Mke wako atanifundisha," akasema.

Yarabi! Nimefundisha walevi, nimefundisha mchungaji anayefumba macho akipishana na lori, lakini mama mkwe? Udereva haufundishwi kwa adabu. Hakuna nafasi ya kusema "samahani Mama, ukipenda, kama hutojali, punguza mwendo." Ukimaliza sentensi hiyo mko mtaroni.

Siku ya kwanza nilimchukua kwa gari la shule, lile lenye breki ya ziada upande wa mwalimu. Alikaa, akafunga mkanda, akarekebisha vioo, akaondoka vizuri kiasi cha kunitia wivu. Kona alizijua. Taa alizijua. Kilichokosekana ni miguu, kwa sababu kule kwenye gemu aliendesha kwa vidole. Klachi alikuwa anaikanyaga kama anaua mende. Nikasema moyoni, haya, tutafika. Mara mbele yetu akatokea mtu na mkokoteni wa mchanga, anavuka taratibu, mgongo kwetu. Nikasubiri Mama apunguze. Hakupunguza. Alishika usukani kwa utulivu kabisa, uso mkunjufu, anamwendea yule mtu moja kwa moja.

"Breki! Breki, wewe! Umelogwa?"

Niliikanyaga ya kwangu mpaka gari likapiga magoti. Mwenye mkokoteni aligeuka akatutukana matusi ambayo tuliyastahili, akaendelea kuvuka.

"Mbona hakuruka?" Mama akauliza.

Alikuwa anamaanisha hivyo hivyo. Alikuwa anashangaa. Kule alikojifunzia wote huruka. Nikamwambia, "Hawa hawaruki, Mama. Hawa wana nyonga, wana uzito, wengine hawasikii. Kuruka ni kazi yako wewe." Halafu ndipo yale niliyomfokea yakanirudia masikioni. Nimemwita mama wa mume wangu "wewe". Nimemuuliza kama amelogwa. Uso ukaniwaka moto.

Tulirudi nyumbani. Nilimfungulia mlango, nikaanza kuomba radhi, nikapiga goti kabisa pale kwenye vumbi. Akaninyanyua kwa kiwiko.

"Ungeniambia kwa adabu yule mtu angekuwa wapi saa hizi?" Kisha akaweka sheria. "Milango ikifungwa, mimi ni mwanafunzi, nifokee. Milango ikifunguliwa, mimi ni mama wa mumeo, na chai yangu unajua ninavyoipenda."

Basi ndivyo tulivyoishi. Ndani ya gari nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Nje ya gari nilimpokea mkoba kwa mikono miwili. Klachi ikalainika. Watu akawaona. Akawa anasimama kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya mfuko unaopeperuka. Kitu kimoja tu kilimshinda: rivasi. Kwenye gemu alipokwama alikuwa anaanza upya, na barabarani hakuna kitufe cha kuanza upya. Kila akirudi nyuma alikunja kinyume, na kila tairi la nyuma liliponusa mtaro nilikuwa nafunga macho kama yule mchungaji.

Mkaguzi wa leseni huja mjini kwetu mara moja kwa mwezi. Siku aliyokuja, mwenye duka la vipuri naye alikuwa amesema atapita alasiri na mkokota wake, lile gari la kuvuta magari mabovu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu nyumbani: Mama akirudi na karatasi ya kufaulu, jamaa anarudi mikono mitupu, akirudi bila karatasi, gari linakatwa. Mama akasema atafanyia mtihani gari hilo hilo la Mzee. Fundi alilihudumia usiku na mchana, nasema ukweli wake, akalibadilishia betri na plagi, kuku wakahamishwa, nikafunga kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma. Tukaondoka mapema sana. Mimi ni mtu wa mapema.

Uwanja wa mtihani uko ng'ambo ya kiwanda cha matofali. Nilijua hilo. Sijui kwa nini sikulifikiria.

"Nyoosha hivyo hivyo, mwanafunzi," nikasema tulipokipita kiwanda.

Mama akatazama kioo cha ndani. Akatazama kioo cha pembeni. Akawasha indiketa. Ya kushoto.

"Mwanafunzi, nimesema nyoosha!"

"Nimesikia, mwalimu."

Na akakunja. Vizuri, bila kutanua, gia ya pili, kila kitu nilichomfundisha. Na gari lile la Mzee halina breki upande wangu! Nilifoka. Nilimwambia mtihani, nilimwambia mkaguzi hasubiri mtu, nilimwambia mnunuzi, mkokota, msumeno. Alikuwa anaitikia "ndiyo mwalimu" huku anapanda kilima. Lami ikaisha, ikaja changarawe. Miti ikatubana. Na mimi, katikati ya kufoka kwangu, nikajikuta nimeinua shingo nione baada ya kona kuna nini. Kona ikafuata kona. Nikasahau kufoka.

Njia iliishia kwenye mawe mawili makubwa. Nyuma ya mawe, nyasi. Nyuma ya nyasi, anga ya buluu. Mama alisimamisha gari, akavuta hendibreki, akazima injini. Akakaa kidogo akiitazama ile anga kama anasubiri gari ligonge hewa. Kisha akafungua mlango, akashuka.

Nami nikashuka. Alipita katikati ya mawe, akazunguka, akachungulia huku na kule, akapiga jiwe moja kwa kiganja.

"Hakuna kitu," akasema. "Mzee alisema kweli."

Nilitaka kumwonea huruma lakini hakunipa nafasi, alikuwa ameshafika ukingoni. "Njoo! Njoo uone!" Chini yetu mji wote ulikuwa umekaa wazi: kiwanda, barabara, magari madogo yanakwenda makwao. Mama akawa anafuata barabara kwa kidole, kutoka sokoni, kupita shule, kukunja.

"Lile tangi la buluu si letu?"

Lilikuwa letu. Tangi la maji nililolinunua mimi, juu ya paa letu, na kamba yetu ya nguo pembeni, na shuka niliyoianika alfajiri.

"Kumbe tunaonekana," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kilemba, na sikuweza tena kujua kama bado ni kicheko. "Angeniambia tu: kuna mawe na nyasi, na paa letu linaonekana. Ningetosheka, mwanangu. Mzee aliwahi kufika hapa? Au alisema tu?"

"Sijui, Mama."

"Wala mimi. Na hilo sasa sitalijua."

Tuliporudi garini hapakuwa na pa kugeuzia kwa mara moja. Ilibidi iwe rivasi. Mama akafunga mlango akawa mwanafunzi, nami nikawa mwalimu, na tairi la nyuma likaingia mtaroni moja kwa moja kama lilikuwa limeitwa. Nilibeba mawe nikiwa na viatu vyangu vya kutokea. Nililala chini, nikapanga mawe, nikasukuma, nikafoka mpaka ndege wakahama. "Kinyume! Mkono wa kulia! Taratibu! Tena!" Akajaribu, akazima, akajaribu tena, mpaka jua likatupita utosini. Alipolitoa lile gari na hatimaye kuligeuza, pua kuelekea mjini, alikuwa amelowa jasho na mimi nilikuwa mwekundu kwa udongo wa mtaroni. Ilikuwa rivasi safi kuliko zote alizowahi kupiga, na hapakuwa na mkaguzi wa kuiona. Uwanjani tulikuta amekwisha kufunga meza yake na kuondoka.

Nyumbani mkokota ulikuwa getini. Mwenye duka la vipuri amekaa barazani, soda mkononi. Fundi akaja mbio.

"Mmefaulu?"

"Hatukufika," nikasema. Kusema kweli lilikuwa linaniuma, tena sana. Lile gari lingekatwa kwa ajili ya mawe mawili.

"Hamkufika vipi? Mmeondoka kabla ya jogoo!"

"Nilikunja," Mama akasema kutoka nyuma ya usukani. Hakuwa ameshuka. "Pale baada ya kiwanda cha matofali. Kushoto."

Fundi alifungua mdomo kugomba, nikamwona, mkono umeshainuka. Halafu mkono ukabaki hewani. Alitazama gari, akatazama kiti cha nyuma, pale alipokuwa anakaa na magoti yake madogo. Mimi ni mke wake, namjua, na uso ule sikuwahi kuuona.

"Ile njia?" akauliza polepole. "Ile inayopanda?"

"Ile."

"Kuna nini huko?"

Mama akajibu haraka, kama mtu anayejibu kwa mazoea ya nyumba nzima: "Huko hakuna..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.  Kisha akanyoosha mkono nyuma, akafungua mlango wa nyuma kwa ndani.

"Panda ukaone mwenyewe."

Mwenye duka akasimama na soda yake. "Sasa fundi, mimi je?"

"Haliuzwi, ndugu yangu," mume wangu akasema, tayari ameinama anaingia. "Maliza soda, usiwe na haraka. Haliuzwi."

Nikafunga mlango wangu. Mtihani upo mwezi ujao, na rivasi sasa anaijua. Tulipokipita kiwanda cha matofali sikusema neno. Mama alitazama vioo vyake, akawasha indiketa. Nyuma yangu nilisikia magoti ya mwanamume mzima yanagonga kiti, ameinuka, ameweka kidevu kati ya mabega yetu.

"Mama," akauliza, "hii njia inakwenda wapi?"

Mama hakumjibu. Alikunja.